Pumzi Zilizofika Nairobi

Haya niliambiwa na Trizah, binti wa kaka yangu Mwambire, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka ya mwaka huu, alipokuja kunitazama hapa Dabaso. Tulikuwa uani tukisuka makuti, maana kuna mwenye hoteli aliyataka mia tatu kabla mvua haijashika, na mikono ikiwa kazini mdomo hupata nafasi. Mimi sikumkatiza. Maneno yakija mbio nanyamaza, na yakisimama pia nanyamaza, mpaka yaondoke tena yenyewe.

Trizah ameolewa Kaloleni. Mumewe ni Ngowa, mgema. Kwa asiyeijua kazi hii nimwambie: mgema hupanda mnazi asubuhi, adhuhuri na jioni. Kule juu kuna panda, yaani ule mkono wa maua, naye huikata ncha kwa kisu chake cha kotama, kidogo tu kama mtu anayekata kucha, kisha huifungia kibuyu ili tembo, ile pombe ya mnazi, idondoke humo. Panda isipokatwa siku mbili tatu hufunga, na ikifunga basi, usubiri nyingine ichomoze. Kwa hiyo mgema hana Jumapili na hana mafua. Ngowa ana minazi kumi na minne, na mmojawapo ni mrefu hata ukimtazama aliye juu yake shingo inauma.

Kwa miaka mingi Ngowa alikuwa mkoromaji, na si wa kuchekesha. Trizah anasema mtu atakoroma, akorome, halafu kimya. Hicho kimya ndicho kilichomtia hofu. Alikuwa akihesabu gizani, akifika ishirini na mume hajavuta pumzi anampiga kiwiko, naye anaibuka akihema kama mtu aliyetolewa kisimani. Mchana anasinzia kila anapokaa. Alisinzia kanisani, alisinzia kwa kinyozi, alisinzia na tonge mkononi. Kaingu, mgema mwenzake, akampa jina la Bwana Popo. "Huyu," akasema, "siku moja atalala akining'inia." Watu wakacheka, Trizah hakucheka.

Mwaka juzi hospitali moja ya Kilifi ikaanzisha kliniki ya mambo ya usingizi. Wakamlaza Ngowa usiku kucha na waya kichwani, wakaona kuwa akilala koo lake hulegea likajifunga, pumzi ikakatika, na moyo ukabaki kuhangaika peke yake. Wakampa mashine ya kulala nayo nyumbani. Ni kisanduku kama redio ya mezani. Kina mpira mrefu, na mwisho wa mpira kuna barakoa ya kuvaa puani. Inapuliza hewa, na hewa hiyo inalizuia koo lisijifunge, basi.

Aliyemkabidhi ni muuguzi mmoja anaitwa Mueni. Akamwekesha sahihi karatasi tatu, akamweleza kuwa ndani ya mashine kuna laini kama ya simu, na kila asubuhi inapeleka habari Nairobi kwa watu wanaoziangalia mashine hizi: umelala saa ngapi, pumzi imekatika mara ngapi.

"Yaani itakuwa inanisema," Ngowa akamwambia.

"Inakusema kwa wema, baba."

Usiku wa kwanza Trizah hakupata usingizi kwa sababu hakuzoea kimya chenye uhai ndani yake. Usiku wa tano wakalala wote wawili mpaka kuku wakawaamsha. Mwaka ukapita hivyo na zaidi. Ngowa akanenepa kidogo, akaacha kugombana na watu, akaongeza minazi miwili. Kaingu naye akabadilisha jina, akawa anamwita Ng'ombe wa Plau, kwa ule mpira wa puani.

"Ng'ombe wa plau," Ngowa akamjibu, "angalau shamba lake linalimika."

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu kaka yangu Mwambire alitoka kwake Jilore akaenda Kaloleni kwa mazishi, akalala kwa binti yake siku mbili. Asubuhi ya kwanza akauliza, "Huyu mkwe wangu siku hizi hakoromi?" Akaonyeshwa mashine. Akaigeuza, akaushika mpira, akautia sikioni.

Kaka yangu namjua. Tangu utoto haombi. Hukitaja kitu, halafu hunyamaza.

"Na mimi huamka kichwa kizito kama nimelala chini ya gunia," akasema. "Kitu kama hiki, mtu akilala nacho hata siku tano, mwili ungepumzika."

Akanyamaza.

Kwetu mkwe hamkatalii baba wa mkewe kitu alichokitaja chini ya paa lake. Ukikikataa kile kitu, umemkataa na binti. Ngowa angetoa mbuzi, angetoa kitanda wakalala chini. Na mashine yenyewe akaiona ni kama kinu tu: mwenzio anakuja anakichukua, anatwanga chake, anarudisha, na kinu kinabaki kinu. Alikumbuka Mueni alimwambia asimpe mtu, lakini alidhani ni kwa ajili ya uchafu. Kwa hiyo Trizah akaiosha barakoa kwa maji moto na sabuni, akaianika, akafunga kila kitu kwa leso safi, na mzee akarudi Jilore na kikapu, mpira umechungulia kama mkia wa nyoka.

Zile siku tano zikawa tisa. Kule Kaloleni kiwiko cha Trizah kikarudi kazini. Siku ya kumi mashine ikaletwa pamoja na jogoo wa shukrani, na salamu ya mzee kwamba amelala mpaka jua limempita.

Usiku huo Ngowa akavaa barakoa yake, akawasha, akakaa kitako ghafla. Zamani ilikuwa ikimpulizia kama mtu anayepoza chai. Sasa ilipuliza kama mtu anayechochea kuni mbichi. Mashavu yakafura. Hewa ikashuka tumboni, tumbo likawa ngoma. Barakoa ikaanza kupiga mluzi pembeni. Akaivua, akaivaa, akaivua.

Asubuhi Trizah akampigia babake. "Baba, ulibonyeza kitu kwenye ile mashine?"

"Nilibonyeza pa kuwashia. Mengine sikuyajua na sikuyagusa."

Wakakitazama kile kisanduku mbele na nyuma, hawakuona palipobadilika. Usiku wa pili ikawa vile vile, na wa tatu. Ngowa akaiacha juu ya kabati akalala bila kitu, na kulala kule si kulala. Macho yakawa mekundu. Na minazi kumi na minne inangoja.

Siku ya nne, adhuhuri, alikuwa juu ya ule mrefu. Trizah yuko chini anangoja kibuyu. Kitu kikapita mbele ya uso wake, kikachoma mchanga hatua moja kutoka mguuni. Ni kotama. Akainua macho. Mumewe amekumbatia makuti, shavu limelalia shina la kuti, mdomo wazi. Amelala.

Nilipofika hapa kusikia, kuti liliniponyoka mkononi. Nikamwuliza, "Ukapiga kelele?"

"Ningepiga kelele, shangazi, angeshtuka. Aliyelala juu hashtuliwi." Akamwita kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto. Baba Masha. Baba Masha. Usifanye haraka. Kaza mikono kwanza, halafu ndiyo ufumbue macho. Akasema hivyo mara nyingi, hajui ngapi, mpaka akaiona mikono inakaza. Halafu akamteremsha kwa maneno, kidato kwa kidato, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama anamfundisha kutembea.

Ngowa alipofika chini alikaa kwenye mchanga. Trizah akaichomoa kotama, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Hupandi tena mpaka ulale," akamwambia.

"Panda zitafunga."

"Na zifunge! Nitakula panda mimi, au nitakula mume?"

Jioni ile Trizah akaenda kwa Kaingu. Alijiandaa kwa maneno yake, lakini Kaingu safari hii hakucheka. Alisema atazikata panda za Ngowa siku nne, tembo itakayopatikana ni yake. Alipokuwa anaondoka ndipo akamwita. "Mama Masha. Mwambie Bwana Popo kitanda kina faida yake."

Kesho yake wakaenda Kilifi, mashine wameipakata. Mueni akafungua kompyuta, akaanza kutikisa kichwa kabla hawajakaa vizuri.

"Baba, mwezi huu umenitia wasiwasi. Tazama. Siku tisa mfululizo pumzi yako inakatika mara arobaini kwa saa moja. Wewe hukuwa hivi. Ndiyo sababu Nairobi waliongeza nguvu ya hewa. Ilikuwa nane, sasa ni kumi na nne."

"Nani waliongeza?"

"Watu wa mashine. Fundi alimwonyesha daktari wao, daktari akakubali, akaongeza."

"Na waliingia kwangu lini?"

"Hawakuingia, baba. Wanabonyeza huko huko waliko."

Ngowa akamtazama Mueni, akaitazama mashine iliyo magotini pa mkewe. "Mlituambia inasema," akasema. "Hamkutuambia inasikia."

Mueni akatoa faili. Akapekua mpaka ukurasa wa tatu, akaweka kidole. "Imeandikwa hapa, kwamba marekebisho yanaweza kufanywa kutoka mbali. Na hii ni sahihi yako."

"Ni yangu. Wewe ulisema, weka hapa, na hapa, na hapa. Nikaweka."

Mueni akaitazama ile karatasi muda mrefu kidogo. "Ni kweli nilisema hivyo," akasema. "Siku ile foleni ilifika mlangoni."

Trizah anasema hapo alianza kumpenda, kwa kuwa wangapi wa ofisini watakubali hivyo?

Lakini Mueni hakuwa amemaliza. "Hizo siku tisa, baba, uliivaa vizuri? Kuna jambo lilitokea? Maana nambari ziliharibika ghafla, na siku nne za mwisho mashine haikuvaliwa hata saa mbili."

Ngowa akaviangalia viatu vyake.

Hebu fikiri alivyokuwa amebanwa. Akisema aliiazima, mashine inaweza kuchukuliwa pale pale, na bila mashine hakuna kulala, na bila kulala hakuna kupanda. Akinyamaza, wataamini zile arobaini ni zake, hewa itabaki pale pale ilipo, naye hawezi kulala nayo. Na juu ya yote mawili kuna hili la tatu, zito zaidi kwake: mkwe hamshitaki baba wa mkewe mbele ya wageni. Angekaa pale na viatu vyake mpaka jioni.

"Haikuwa shingo yake," Trizah akasema. "Ilikuwa ya babangu."

Mueni akaweka kalamu chini. "Mliazimana mashine?"

"Tuliazimana."

"Kama kinu," Ngowa akasema kwa sauti ndogo.

Muuguzi alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo. Akavuta pumzi, akaitoa. "Mimi nimeolewa," akasema. "Nina baba mkwe huko kwetu Ukambani. Angekitaja kitanda cha hospitali hii, ningekibeba kichwani." Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini basi yuko mzee mahali fulani ambaye pumzi inamkatika mara arobaini kwa saa, na hakuna mtu anayejua."

Hilo Trizah hakuwa amelifikiria. Alidhani wanaongea habari za mashine. Akatoka nje kwenye benchi, akapiga simu Jilore.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mumeo amepona?"

"Mgonjwa si yeye tu, baba. Ni wewe zaidi."

"Nani amesema?"

"Mashine. Kila asubuhi ilikuwa inapeleka pumzi zako Nairobi, na huko wakazihesabu, wakaona zinakatika."

Trizah akadhani laini imekatika. Kumbe kaka yangu anayatafuna maneno hayo. "Pumzi zangu zimefika Nairobi," akasema, "na mimi mwenyewe sijapita Mariakani." Kisha hasira ikapanda. "Na hawakuniuliza?"

"Hawakujua ni wewe. Walidhani ni za Ngowa."

"Ngowa walimuuliza?"

"Hata yeye hawakumuuliza. Waliongeza hewa tu, ndiyo maana halali, ndiyo maana jana amesinzia mnazini."

"Mnazini!" mzee akasema. "Mbona hakuniambia? Angeniambia, siku hiyo hiyo ningeirudisha kwa miguu."

"Baba, yeye akuambie vipi?"

Mzee akaelewa. Akakohoa kohoa. "Watu hao hawana hodi," akasema. "Nitakuja Alhamisi nipimwe. Lakini mwambie huyo muuguzi wenu, kabla hajanibandika waya wake, aniulize kwanza."

Trizah aliporudi ndani alimkuta Mueni ameshampigia yule fundi wa Nairobi, simu iko mezani inasikika kwa wote. Jina lake ni Gachanja, na sauti yake ya kijana mchangamfu.

"Mzee wangu, habari ya Kilifi! Mimi ndiye nakuangalia kila asubuhi kwa kompyuta."

"Unaniangalia, lakini hujaniona," Ngowa akasema.

"Aa, mzee, usinikasirikie. Niliona unasongwa. Nikaambia daktari, daktari akasema ongeza, nikaongeza siku hiyo hiyo. Ama ningekuacha tu usongwe?"

"Hapana. Ungenipigia simu."

"Niko na wagonjwa mia nane, mzee. Nipigie kila mtu?"

"Uliyemgeuzia mashine ndiye umpigie. Ungesema, Ngowa, mbona pumzi yako imeharibika ghafla? Ningekuambia, hiyo si yangu, mashine iko Jilore. Yangekwisha siku ya pili. Na yule mzee angejua siku ya pili kwamba anaumwa. Wewe uliona nambari, na nambari haijui imetoka shingoni mwa nani."

"Hiyo ni ukweli," Gachanja akasema. "Sikufikiria mtu mwingine anaweza kuwa ndani ya hiyo mask. Lakini na wewe, mzee, uliazimana bila kutuambia."

"Nilikosa. Kosa langu nimekuja nalo hapa mwenyewe, asubuhi, nimelipakata. Sasa nipe hicho kitufe cha hewa nikishike mimi."

"Hapo sitakudanganya, siwezi. Ukiwa macho utaishusha mpaka usikie raha. Lakini koo lako la usiku wewe hulijui, mzee. Ukishalala, wewe haupo."

Nilimwambia Trizah aache kusuka kwanza, nikataka nilisikie neno hilo mara ya pili. Kijana yule sijamwona wala sitamwona, lakini hapo alisema kweli. Mtu aliyelala hayupo. Nimelala miaka sabini na sijawahi kujiona hata mara moja, na nikikoroma mimi ni wa mwisho kuambiwa. Lakini kwa kuwa sipo, je, aliyeko mbali ndiye mwenye nyumba? Nilikaa na swali hilo, sikupata jibu lililotulia. Ngowa naye nadhani alikaa nalo, kwa sababu Trizah anasema hakujibu upesi.

Aliyejibu ni Trizah mwenyewe. "Mnabishana watu wawili ambao usiku hamko," akasema. "Huyu amelala, na wewe uko Nairobi. Mimi nimezihesabu pumzi za mtu huyu miaka kumi na moja, bila kompyuta. Mbona mimi hakuna anayeniuliza?"

Mueni akacheka mpaka akafunika mdomo. Gachanja akasema, "Mama, nitumie namba yako."

Daktari wa kliniki akaitwa, mama mmoja wa makamo, mpole. Akasikiliza yote, akawakemea kidogo kwa ile habari ya kuazimana, na hawakubisha. Mashine hakuichukua. Akaandika kwenye faili, akawasomea kwa Kiswahili: hewa isigeuzwe kabla mgonjwa hajapigiwa simu, yeye au mkewe, na kukubali; ikiwa ni hatari isiyongoja, wageuze, lakini siku hiyo hiyo wampigie wamwambie. Na mashine isitoke nyumbani kwenda popote bila wao kujulishwa. Ngowa akaomba asomewe tena. Akasomewa. Ndipo akaweka sahihi, mara moja tu, pahali pamoja.

Mueni naye akamwonyesha vitufe ambavyo ni vyake mwenyewe: cha unyevu wa hewa, koo lisikauke, cha kuifanya ianze polepole halafu ipande, na cha kuzima.

"Hivi nilikuwa navyo tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, baba."

"Mwaka mzima nimeamka koo limekauka kama kifuu, na dawa yake iko mezani kwangu."

Mueni hakutaja foleni tena. Alisema, "Nisamehe."

Walipokuwa wanafunga vitu Gachanja akasema kutoka mezani, walikuwa wamemsahau, "Mzee, kuna kitu nataka kukuuliza sasa. Kukuuliza, si kufanya. Hata kabla ya Jilore, kwa nane pumzi ilikuwa bado inakukatika mara sita, mara saba kwa saa. Mwili umeongezeka. Mimi naona tisa ingekufaa. Lakini kumi na nne tumeitoa, na nikirudisha nane ni sawa pia. Unasemaje?"

Trizah anasema mumewe alijikaza kukaa wima, kama mtu aliyeulizwa barazani. Alisema, "Tutaijaribu kesho, kitandani kwangu, niko macho, na mke wangu yuko. Utakuwa na nafasi?"

"Saa nane mchana."

"Saa nane."

Kesho yake saa nane jua lilikuwa kali, mlango wamesindika. Ngowa akalala chali, barakoa puani. Trizah akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda, simu mkononi imefunguliwa sauti. Kwa kuwa ukiongea na barakoa hewa yote hutokea mdomoni, Ngowa alikuwa anajibu kwa mkono na uso, na mkewe anatafsiri.

"Iko kwa nane sasa," Gachanja akasema. "Iko aje?"

"Ameitikia kwa kichwa. Ni ile yake ya zamani."

"Natuma nane na nusu. Ngojeni kidogo. Zimeni, muwashe."

Wakazima, wakawasha.

"Amekunja uso," Trizah akasema.

"Amekunja kwa sababu inauma ama kwa sababu amenuna?"

"Huo ndio uso wake, mwanangu, amezaliwa nao. Endelea."

"Muulize kama niende tisa."

Trizah akamwuliza. Ngowa akafikiri, akaweka mkono tumboni, akausikiliza mkono wake. Akainua kidole kimoja: ndiyo. Wakazima, wakawasha. Hewa ikaja, safari hii ilianza chini kabisa, kwa kile kitufe alichokifungua mwenyewe asubuhi, ikapanda taratibu. Mashavu hayakufura. Hakuna mluzi. Ngowa akainua kiganja chote, akakisimamisha hewani.

"Anasema hapo," Trizah akasema.

"Hapo hapo? Ama nijaribu tisa na nusu, mzee aone tofauti?"

"Hapo."

"Basi hapo. Ni yeye amesema. Muulize tumbo liko sawa."

Trizah akamgeukia. Kile kiganja kilikuwa kimeshuka, kimelala kifuani, vidole vimefunguka.

"Mzee? Mzee wangu, unanisikia?"

"Punguza sauti," Trizah akanong'ona. "Amelala."

"Haraka hivyo!"

"Ana siku nyingi nje ya usingizi."

Gachanja naye akanong'ona, kutoka Nairobi, kama yumo chumbani. "Nambari zitanifikia kesho asubuhi. Wewe mama unasikia aje?"

Trizah akasogeza kichwa karibu na mto. Hewa ilikuwa inaingia, inatoka, inaingia. Hakuna palipokatika. Akangoja kwa muda, fundi naye akangoja.

"Nasikia ni mtu amelala," akasema.

"Sawa mama. Sigusi kitu."

Simu ikazimika. Huko nje Kaingu alikuwa anaimba juu ya mnazi, wimbo wake ule usio na mwisho mzuri. Ilikuwa siku ya pili ya ahadi yake, bado mbili minazi irudi kwa mwenyewe. Maji ya kuosha vyombo yalikuwa jikoni, kuku hawajapewa maji, na Trizah anasema aliyajua yote hayo, aliyapanga kichwani lipi litangulie. Akajinyoosha kwenye mkeka ili amsikilize mumewe kidogo tu, ahakikishe, kisha ainuke. Akatia mkono chini ya kichwa. Akamsikiliza. Joto la sakafu likampanda mgongoni, wimbo wa Kaingu ukaenda mbali, naye akalala.